Kilichokula Akili ya Mama

Siku mama yangu alipomwamkia mwanawe shikamoo, kaka yangu Yusto alicheka, na kicheko kile sijamsamehe mpaka leo.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nyumbani kwetu Mpui. Yusto aliingia uani akitoka kuwafunga maksai. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko. Akainua uso, akamtazama mtu aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, kisha akainamisha kichwa kama mwanamke mwenye adabu mbele ya mgeni.

"Shikamoo, baba. Karibu. Wenyewe wametoka kidogo."

Yusto akacheka. Jenifa, mkewe, naye akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Wifi, umeona mambo ya mama?" akaniambia. "Kila siku ana jipya."

Mimi naitwa Redempta. Nashona nguo Majengo, mjini Sumbawanga, na siku hizo nilikuwa nakwenda nyumbani mara moja kwa miezi mitatu. Wao walikuwa wameshazoea. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naona amesahau hata mwanawe. Nikamshika mama mkono. "Mama, huyu ni nani?" Akanitazama kwa aibu, ile ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa na jibu hana. "Si ni yule," akasema. "Yule wa huku kwetu."

Nataka mjue alikuwa nani huyo waliyekuwa wakimcheka.

Luciana, mama yangu, aliishia darasa la nne, lakini kigango kizima cha kanisa letu kilikaa kichwani mwake. Katekista alipokuwa haelewi daftari la ubatizo, ambalo panya walishalila nusu, alimtuma mtu kwa mama. Mama alijua nani alibatizwa pamoja na nani, msimamizi wake alikuwa nani, na kama vijana wawili wanaotaka kuoana bibi zao walinyonya ziwa moja. Kuna uchumba aliwahi kuuzuia kwa sababu hiyo, watu wakamnunia mwaka mzima, mpaka mzee wa ukoo ule alipokuja mwenyewe kukiri kwamba mama alisema kweli. Shambani ilikuwa vilevile. Alitazama matuta ya ntumba, yale tunayofukia nyasi zioze ndani yake, akasema hapa msimu wa juzi yalikaa maharage, mwaka huu tieni ulezi. Hakuandika mahali popote. Hakuhitaji.

Mtu wa namna hiyo haamki asubuhi moja amekuwa gogo. Nilipoanza kuuliza, mambo yakatoka moja moja, kwa shida, kama ninawadai. Kwamba kwa mwaka mzima alikuwa anatia chumvi kwenye chai. Kwamba miguu inakufa ganzi na kuwaka moto, na anatembea kama anakanyaga pamba. Kwamba ulimi unamuuma, hataki hata nyanya. Kwamba amepotea mara mbili akitoka kanisani, kwenye njia aliyoipita tangu utoto wake, na mara ya pili alikutwa alfajiri kwa jirani yetu Polikarp, amesimama mlangoni, hasemi kitu.

Hapo mlangoni kwa Polikarp ndipo mambo yalipoharibika. Polikarp alisema mbele za watu kwamba mwanamke anayesimama mlangoni pa mwenzake alfajiri bila kubisha hodi, huyo si mgonjwa. Hakumalizia. Kwetu mtu hahitaji kumalizia. Watu wa mikoa mingine wakisikia nimetoka Sumbawanga huuliza habari za radi za kutumwa na wachawi, wakicheka, nami huwakasirikia. Lakini siku ile niliwakasirikia zaidi watu wangu mwenyewe. Vikongwe wamekufa katika nchi hii kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Yusto, ili kuisafisha nyumba yake, akaenda kuleta mganga kutoka bondeni. Mganga akasema mama amechezewa, na kilichotumika kilipita kinywani, nacho ni kitu cheupe.

Kitu cheupe! Kijiji kizima kilijua kwamba mama alikuwa akivuka kijito kwenda kwa Bertha, mke wa Masanja, Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Bertha alimpa kikombe cha maziwa, wakakaa kwenye kivuli cha nyumba wakiongea, huyu Kifipa kingi, yule Kisukuma kingi, Kiswahili kikiwa daraja katikati. Na kijiji kizima kilijua pia kwamba ng'ombe wa Masanja waliwahi kuingia kwenye mahindi ya Yusto, na tangu hapo hawasalimiani. Basi jibu la mganga likaangukia mahali lilipokuwa likisubiriwa. Mama akapewa miiko ya miezi mitatu. Asiguse maziwa, nyama, samaki wala yai. Ale uji mweupe, chai ya rangi, na ugali kwa mchicha.

Akatii. Akili ya kukataa hakuwa nayo tena.

"Hiyo miezi mitatu iliisha lini?" nilimwuliza Yusto.

"Iliisha Pasaka. Ila tuliona tuendelee tu, asije akarudiwa."

Tulikuwa mwezi wa tisa.

Sikumbuki yote niliyoyasema. Jenifa anasema nilimwita kaka yangu mpumbavu mbele ya watoto wake, na mimi sikatai. Niliingia ndani nikaanza kufunga nguo za mama kwenye kanga. Yusto akasimama mlangoni.

"Humtoi mama hapa bila kikao cha ukoo."

"Kikao kilikaa wapi siku mlipomnyima chakula?"

"Nani amemnyima?" Sauti yake ilipanda. "Mama anakula! Sukari humu ndani haikatiki. Mikate unayoleta wewe mwenyewe, na zile soda, nani anakula? Si yeye?"

Nilimsukuma kwa bega nikapita. Lile la mikate lilikuwa limenichoma, na sikutaka aone.

Mjini, kituo cha kwanza cha afya nilichompeleka, aliyetupokea hakuinua macho kutoka kwenye kadi. "Umri?" Nikasema sitini na nane. "Basi huo ni uzee, dada. Mzoeeni." Akaandika vidonge vya maumivu ya miguu. Nikamwambia bibi yangu alikufa na miaka tisini na mbili, na wiki ile aliyokufa alikuwa akituhesabia wajukuu wake wote kwa majina. Huo uzee wenu ni upi unaochagua? Akaniambia kuna foleni nyuma yangu.

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali nyingine. Daktari alikuwa kijana, Mathias, amevaa sweta juu ya koti lake jeupe kwa sababu ya baridi yetu. Yeye hakunisemesha mimi kwanza. Alivuta kiti karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba nione ulimi."

Ulimi wa mama ulikuwa mwekundu na laini kabisa, kama nyama iliyochunwa. Mimi mwanawe sikuwa nimewahi kuutazama. Daktari akavuta kope chini, ndani pakawa peupe. Akachukua chuma kidogo kinachotetema, akakigonga, akakigusisha kwenye kifundo cha mguu. "Unasikia kinatetema?" Mama akatikisa kichwa. Akakipandisha mpaka gotini ndipo mama akasema, "Eeh, hapa kuna nyuki."

Ndipo akanigeukia. "Anakula nini?"

"Chakula cha kawaida."

"Cha kawaida ni kipi? Niambie jana, kuanzia asubuhi."

Nikamwambia ya jana, kisha ya Mpui, kisha ya miiko. Aliandika yote. Halafu akauliza, "Na kabla ya miiko? Miaka kumi nyuma, ishirini nyuma, mama alikuwa anakula nini?"

Nikaliona jiko letu.

Nilimwona mama anachinja kuku wa wageni. Mapaja na firigisi vya baba, marehemu mzee Zenon. Kidari cha mgeni. Vipapatio vya Yusto, kwa kuwa ni mwanamume. Mimi mgongo. Mama alichukua miguu na shingo, na mara nyingi hata hiyo shingo ilirudi kwangu, yeye akachovya ugali kwenye mchuzi akisema, "Mimi nimeshiba harufu nikipika." Mayai tuliyaacha yaanguliwe au yalikwenda kwa aliyekuwa anaumwa. Maksai wetu walikuwa wa jembe, hawatoi maziwa. Samaki waliopanda kutoka ziwani walikuwa wa wanaume waliolima. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo. Hakuna aliyempiga ili aifuate. Tulikaa tukala miaka thelathini na tano mbele ya mwanamke aliyekuwa hali, na tukamwita mama mwema.

Baba alipokufa ningetegemea ale. Lakini meno yalikuwa yameshaanza kwenda. Jenifa alikuja na mambo ya kisasa, sembe nyeupe ya mashine, kwa kuwa dona na ulezi ni vyakula vya shida. Ulezi ukaenda wote kwenye pombe. Na mimi, binti wa mjini, nikaja na mikate na soda ya orenji, nikajisikia mtoto mzuri.

Nilimwambia daktari haya yote. Nilikuwa ninalia, lakini kwa hasira. Mtu akilia kwa hasira pua yote inawaka.

Vipimo vya damu vilitoka mchana. Kisukari hana, presha iko sawa, na yale maradhi mengine aliyoyatafuta hakuyaona. Ila damu ilikuwa chache, na chembe zake zimevimba kuliko inavyotakiwa. Daktari Mathias alinieleza taratibu. Kuna vitamini inaitwa B12. Mwili unaitumia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, ile ya miguu na ile ya ubongo. Kwenye mahindi haimo, kwenye mchicha haimo, kwenye ulezi haimo. Imo kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Mwili huwa unaweka akiba ya miaka, na mama alikuwa ameishi kwa akiba ndogo maisha yake yote. Uzeeni tumbo nalo linashindwa kuinyonya vizuri. "Kipimo chenyewe cha B12 hapa hatuna, sampuli nitaituma mbali," alisema, "lakini sitasubiri majibu. Tunaanza sindano leo."

"Kikombe kile cha maziwa," nikasema. "Cha yule Msukuma."

"Kisingetosha," akasema. "Ila pengine ndicho kilichokuwa kimemshikilia."

Nikamwuliza kama akili itarudi. Hakunidanganya, na kwa hilo ninamheshimu. "Kupoteza kumbukumbu kuna sababu nyingi, dada. Nyingine hatuwezi kuzirudisha, hata tumlishe nini. Watu wengi watakuambia chakula fulani kinafufua ubongo, usiwasikilize wote. Lakini upungufu huu tunaujua, na una dawa. Sijui amekaa nao muda gani. Kitakachorudi kitarudi. Kilichokufa kimekufa."

Akatupa na orodha ya chakula. Protini kila siku. Maharage, mboga za majani, matunda, nafaka isiyokobolewa. Chumvi na sukari kidogo, kwa sababu presha na kisukari navyo hula ubongo polepole. Nilipotaja mikate yangu alitabasamu. Mimi sikutabasamu.

Tulianza na sindano siku moja baada ya nyingine, kisha kila wiki, kisha kila mwezi. Nyumbani nilisaga dagaa wakawa unga kwa sababu ya meno yake. Nilichemsha maini nikayakata madogo madogo. Yai kila asubuhi, na hapo ndipo tulipogombana kila asubuhi.

"Mpe mtoto."

"Hakuna mtoto hapa, mama. Kula."

"Basi kula wewe. Wewe unafanya kazi."

Siku moja nilipokuwa nafua kanga yake nilikuta vipande viwili vya ini vimefungwa kwenye pindo. Nikamwuliza ni vya nani. "Vyako," akasema. "Jana hukula nyama." Alikuwa amesahau jina la mume wake, lakini hakusahau kujinyima. Nilikaa kwenye karo la kufulia nikamtukana baba yangu aliyekufa, kwa jina lake, kwa sauti. Mungu anisamehe akitaka.

Wiki ya sita alikuja mteja wangu, Herieth, kupima gauni la kipaimara la binti yake. Tulikuwa tunaongea habari za ukoo wao. Kutoka pembeni, alipokuwa akichambua maharage, mama akasema, "Wewe ni mjukuu wa Isdori mhunzi. Babu yako alibatizwa siku moja na kaka yangu. Mvua ilinyesha mpaka padri akakwama mtoni."

Herieth akasema, "Ndiye huyo, mama! Umemjuaje?"

Mama akamtazama kama anamwonea huruma. "Sasa nisimjueje?"

Nilishona mshono ule mara tatu.

Basi alirudi. Hakurudi mzima. Miguu haikupona vizuri, anatembea na fimbo mpaka leo. Na miaka kama minne hivi iko kwake kama shamba lililofunikwa na ukungu, anaona mti hapa na mti pale. Lakini aliporudi, alirudi na hasira, na wala sikuwa nimewahi kumwona mama yangu na hasira. Yusto alipokuja Majengo na gunia la mahindi, akaketi kwenye kochi, akaanza kusema kwamba mganga naye alikuwa amesaidia kuandaa njia, mama alimkata maneno.

"Yusto. Bertha alinipa maziwa, wewe ukamwita mchawi."

"Mama, si mimi, ni mganga."

"Mganga hana jina kijijini. Wewe una jina. Nenda ukawaombe radhi, Masanja na mke wake, mchana, watu wakiona."

"Mama, wale watu ng'ombe wao..."

"Sijakuuliza ng'ombe."

Yusto aliondoka bila kumaliza chai. Ni mwaka wa pili sasa, na kuvuka kijito kile bado hajavuka. Mimi nilikwenda kwa niaba yetu, Bertha akanipokea vizuri, akanipa maziwa nikanywa; lakini radhi ya dada si radhi ya kaka, na sote wawili tulijua.

Lililokuwa gumu kuliko yote lilikuja mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule wa sindano. Mama alikuwa anaota jua la asubuhi nje ya duka langu. Akasema, "Redempta, mbona Hellena haji kuniona? Amekasirika nini?"

Hellena alikuwa mdogo wake, wa pekee. Aliolewa Ilemba, kule chini bondeni. Alikufa miaka miwili kabla ya siku hiyo. Tulimpeleka mama mazishini. Alikaa mkekani mstari wa mbele pamoja na wafiwa, ametulia, na katikati ya ibada aliniinamia akaniuliza bibi harusi anatoka saa ngapi. Watu walisikia. Baadhi walicheka. Mimi nikasema ni huzuni tu imemchanganya.

Niliweka mkasi chini. Nilimwambia. Sikuwa na njia ya kuzunguka.

Hakulia mwanzoni. "Lini?"

Nikamwambia lini.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, mama."

"Nilikuwepo?" Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Mlinipeleka kumzika ndugu yangu na mimi sipo? Mkaniketisha pale kama gunia?"

"Hatukujua kama..."

"Miguu iliniwaka moto, nikawaambia. Ulimi uliniuma, nikawaambia. Nani aliniuliza chochote? Mlisema bibi kazeeka, bibi kazeeka." Ndipo akalia, kilio cha msiba mbichi, cha kupiga mapaja, na wenye maduka ya jirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa. Niliwaambia ndiyo, tumefiwa. Wakaleta viti, wakakaa. Herieth alipika uji.

Tulikwenda Ilemba wiki ileile, mimi na yeye tu. Barabara inashuka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye joto linalobana kifua. Shemeji yake, mume wa marehemu, alituongoza mpaka makaburini akatuacha. Msalaba ulikuwa wa mbao, rangi imeshaanza kubanduka. Mama alisoma jina kwa kidole, herufi moja moja, kisha akakaa chini kwa taabu, miguu ameinyoosha mbele, na akaanza kumwambia Hellena habari zote za miaka aliyokuwa hayupo, zile alizozijua na zile alizosimuliwa na mimi, akizichanganya. Nilipotaka kumsahihisha sehemu moja akaniinulia mkono ninyamaze. Nikasogea nyuma hatua kadhaa, nikasimama juani nikamsubiri, na hakuwa na haraka.